Kiharusi na lishe: nani hasa anahitaji kopo la maziwa?

Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi wakiambiwa "mpeni lishe", wengi hurudi na unga wa uji au kopo la maziwa ya dukani la bei mbaya. Je, vitu hivyo humsaidia kuinuka na kutembea? Wanaosema havisaidii wana utafiti mkubwa mkononi. Wanaosema vinasaidia wana mdogo, lakini kwa maoni yetu ndio unaomgusa zaidi mgonjwa aliyefika wodini akiwa tayari amekonda.

Utafiti mkubwa ni jaribio la FOOD, lililotoa matokeo mwaka 2005. Wagonjwa 4,023 wenye uwezo wa kumeza, katika hospitali 125 za nchi 15, waligawanywa: wengine chakula cha kawaida, wengine chakula hicho pamoja na kinywaji cha lishe ml 360 kwa siku, yaani kalori 540. Baada ya miezi sita, vifo na ulemavu havikupishana kwa kiasi cha maana. Hoja imefungwa? Hapana. Ni asilimia 8 tu kati yao walioanza wakiwa wamedhoofu kilishe. Tena kipimo kilichotumika huuliza kama mtu anajitegemea au hajitegemei. Hakioni kama paja limepata nguvu ya kunyanyuka kitini. Mwaka 2008 utafiti mdogo wa Marekani, wa wagonjwa wapatao mia, ulichukua waliodhoofu pekee na kuwapa kinywaji chenye kalori na protini nyingi zaidi wakiwa kwenye mazoezi ya utengamao. Walitembea mbali zaidi kuliko wenzao waliopewa kinywaji cha lishe cha kawaida, ingawa akili na kumbukumbu hazikupata faida hiyo.

Kwa hiyo kumpa kila mtu ni hasara, na kumnyima aliyekonda ni kosa. Ila uji wenyewe una tatizo la hesabu. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji protini gramu 60 hadi 72 kwa siku na kalori kama 1,500 hadi 1,800. Kikombe cha uji cha gramu 30 za unga uliopikwa kwa maji kina protini gramu 4 hivi na kalori 110. Akinywa sita kutwa, tumbo limejaa na hajafika nusu. Pika unga uleule kwa maziwa ml 200, koroga humo yai moja hadi liive kabisa, ongeza kijiko kikubwa cha siagi ya karanga: unakaribia gramu 20 na kalori 400. Sukari usimimine ovyo, maana baadhi ya wagonjwa hawa wana kisukari. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi waloweke na uwasuuze kwanza, kwani shinikizo la damu ndilo lililowaleta wengi wao.

Kimea nacho ni mtego. Kwa mtoto ni hazina, kwa kuwa kinalainisha uji mzito na kuruhusu unga mwingi zaidi. Kwa mgonjwa anayepaliwa, ulaini huo ndio hatari: uji unakimbilia njia ya hewa kabla koo halijajifunga. Hata uji usio na kimea huyeyuka ukikaa mdomoni, kazi ya mate.

Ndiyo maana kumeza hupimwa kabla ya kijiko cha kwanza. Mgonjwa awe macho, ameketi wima. Vijiko vitatu vya chai vya maji, kimoja kimoja, kisha ml 50 kwa kikombe. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, acha. Asipokohoa usijiaminishe mno, maana wapo ambao chakula huingia mapafuni kimyakimya. Uzito wa uji unapimika kwa bomba la sindano la ml 10 lisilo na sindano: jaza, achia utiririke kwa sekunde 10. Ikibaki chini ya ml 1, huo ni mwepesi kama maji. Ikibaki kati ya 4 na 8, ni mzito kiasi. Vinywaji vizito navyo vina lawama yake: mgonjwa huvichoka, anakunywa kidogo, anakaukiwa maji.

Mpira wa puani, wa kumlisha asiyeweza kumeza, ndio unaogombanisha familia na wauguzi. Katika sehemu nyingine ya FOOD, wagonjwa 859, kuanza kulisha kwa mpira mapema kulielekea kupunguza vifo kwa pointi 5.8 za asilimia, tofauti ambayo bado yaweza kuwa ya bahati, lakini wengi wa waliookolewa walibaki na ulemavu mzito. Kusita kwa ndugu, basi, si ujinga mtupu. Kutoboa tumbo mapema ili kupitisha mpira wa chakula, kwa wagonjwa 321, kulileta matokeo mabaya zaidi kuliko mpira wa puani. Huo wa puani hutangulia kwa wiki mbili tatu: kichwa kiinuliwe digrii 30 hadi 45, maji ml 30 yapite kabla na baada ya mlo, la sivyo uji uliochujwa vibaya utauziba.

Wa kupewa kopo atajulikana kwa futi ya fundi cherehani. Pima mkono mzima, usiopooza, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sm 23.5, huenda amekonda. Na wakati wa kumpa ni kati ya mlo na mlo. Akilinywa saa sita na nusu, ugali wa saa saba hataugusa, na kalori za kopo zitakuwa zimefidia tu zile alizoziacha sahanini.