Walikatazwa hata kupunga mkono

Juzi niliweka picha ya ukuta kwenye grupu la WhatsApp la familia. Hazikupita dakika mbili, binamu yangu mmoja, jina namhifadhia, akajibu: "Ukuta wenyewe ndio huo? Mbona wa jirani yetu hapa Mbezi unauzidi, tena una seng'enge na vipande vya chupa juu?" Vikafuata vicheko, halafu watu wakahamia kwenye mchango wa harusi. Nimekaa na hasira siku tatu, leo nazimwaga hapa.

Ukuta ule uko Mödlareuth, Ujerumani, si mbali na mji wa Hof. Kijiji chenyewe kina wakazi hamsini hivi, mashamba kila upande, na katikati kinapita kijito kinachoitwa Tannbach. Nimekiita kijito kwa heshima tu. Ni mfereji, mtoto wa darasa la tatu anauruka bila kuvua viatu. Nusu ya kijiji iko jimbo la Bavaria, nusu jimbo la Thuringia, na ukiinama pembeni ya maji utakuta mawe ya mpaka ya mwaka 1810: KB kwa Ufalme wa Bavaria, FR kwa watawala wa Reuss.

Mawe yalikaa zaidi ya karne na hayakumnyima mtu usingizi. Shule ilikuwa upande wa Thuringia, watoto wa pande zote wakasoma humo. Baa nayo ilikuwa upande huo huo. Kanisani wote walikwenda Töpen, upande wa Bavaria. Yaani bia mashariki, sala magharibi, na mfereji katikati wala hauna habari.

Halafu vita ikaisha mwaka 1945, washindi wakagawana Ujerumani kwa kufuata mipaka ya zamani, na mstari wa wafalme waliokwishazikwa ukageuka mpaka wa Mmarekani na Mrusi. Mwaka 1949 zikawa nchi mbili. Mwaka 1952 upande wa mashariki ukafunga mpaka. Ikaja fensi ya mbao, ikaja seng'enge, na mwaka 1966 ukasimama ukuta wa zege wa mita 700, kimo chake mita 3.3. Haya binamu, pima wa Mbezi uniletee jibu.

Ila zege silo lililonikaba koo. Wageni wote huishia kwenye zege: wanaugusa ukuta, wanapiga picha na mnara wa ulinzi, wanaondoka. Mimi nimeganda kwenye jambo moja wanalolitaja wenyeji kana kwamba ni dogo: watu wa upande wa mashariki walikatazwa kuwasalimia watu wa upande wa pili. Hata kupunga mkono ilikuwa marufuku.

Soma tena, usipite haraka. Salamu!

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu watu wawili wakipishana njiani, wanaulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za yule mgonjwa, kila mmoja anaendelea na safari yake na bado wanajibizana "salama" kwa kupaza sauti mpaka mmoja apotelee kwenye kona. Mtu asiyejibu salamu kwetu ama kiziwi ama ana kisa na wewe. Sasa fikiria ndugu yako, mliyekaa naye dawati moja, umemwona pale ng'ambo anaanika nguo. Anakupungia. Nawe unainamisha uso, unajifanya unatafuta kitu chini. Kesho vile vile. Mwaka kesho vile vile. Kutoka 1952 hadi 1989 ni miaka 37. Mtoto aliyezaliwa mpaka unafungwa alikuwa na uwezo wa kuwa babu, na hajapata kumwambia jirani wa mfereji mmoja "umeamkaje".

Na upande wa magharibi ulikuwa wazi, atakaye aje. Wanajeshi wa Kimarekani wakakibandika kijiji jina la Berlin Mdogo, watalii wakamiminika, na mwaka 1983 akaja hata George Bush mkubwa, akiwa makamu wa rais. Wote hao waliruhusiwa kupunga mikono mpaka wachoke.

Sawa, nakubali, maana najua mtaniandama: watu hawakufa kwa kukosa salamu. Kwenye mpaka ule watu waliuawa kwa risasi na mabomu ya ardhini. Mwaka 1952 watu zaidi ya 8,000 waliokuwa wakiishi karibu na mpaka walihamishwa kwa nguvu kutoka majumbani mwao, na operesheni yenyewe ikapewa jina la Ungeziefer, wadudu waharibifu. Zege lilikuwa zege. Lakini aliyetoa amri ya kuwaita majirani wadudu na aliyekataza salamu naona ni mtu yule yule.

Sisi nasi tusijitie utakatifu. Mstari kati ya Horohoro na Lunga Lunga, mpaka wetu na Kenya, waliuanzisha Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, Wadigo wakajikuta huku na huko. Kisha mwaka 1977 tukaufunga wenyewe, kwa mikono yetu, mpaka 1983. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na njia za panya. Mödlareuth panya mwenyewe alihitaji kibali.

Ukuta ule ulipasuliwa mlango wa kupita kwa miguu mwezi Desemba 1989, na Juni 17, 1990 ukaangushwa kwa tingatinga, wakaacha kipande cha makumbusho. Ila kijiji bado kiko kwenye majimbo mawili: mameya wawili, namba za posta mbili, namba za magari ya huku zinaanza na HO, za kule SOK. Wapo wanaoona ni kichekesho. Mimi waache tu, meya wawili hawajamuua mtu.

Hata salamu ni mbili. Upande wa Bavaria wanasema Grüß Gott, wa Thuringia wanasema Guten Tag. Hilo sikulijua siku nilipovuka mfereji nikamkuta mzee mmoja anasukuma mashine ya kukatia majani, inanguruma kama pikipiki mbovu. Nikamtupia Grüß Gott yangu kwa kujiamini. Akazima mashine, akavua kofia, akanyoosha kidole chini: "Hapa ni Guten Tag." Nikamwambia Guten Tag. Akaitikia, akacheka peke yake, akavuta kamba ya mashine mara tatu mpaka ikawaka.