Gari linanukia peremende, mafundi wananusa pesa

Jamani, hapa Kampala gari lako likigonga gonga hakuna anayejali, lakini lianze kunukia vizuri uone, kila mtu anageuka daktari. Langu ni Toyota Premio, kuukuu ndio, ila halikuwa na makuu. Sasa ukiwasha tu ndani kunanukia kama sukari inayoungua, utamu fulani hivi unaokaba koo. Shemeji akasema ni mananasi tuliyobeba kutoka Kayunga, mananasi yenyewe tulishakula kitambo! Afande jirani, mstaafu, akasema hiyo ni kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, na hapo alipatia, ila akachovya kidole eti aonje ahakikishe. Nikamdaka mkono, afande hiyo sumu, mbwa wanakufa kwa sababu ya huo huo utamu.

Nikalipeleka gereji moja Ndeeba. Fundi hajafungua hata boneti, "bosi hiyo hedi gasketi." Hedi gasketi gani, ile ya kuziba kichwa cha injini, na moshi mweupe hakuna, oili haijageuka maziwa, mshale wa joto umetulia zake katikati? Mwenzake akataka kuninyofolea thamostati, kile kivalvu kinachopima joto la kulanti, eti Afrika kuna joto gari halina haja nacho. Hawa watu thamostati iliwakosea nini, kila ugonjwa dawa yao ni kuing'oa.

Na ushahidi si ulikuwa wazi! Kulanti inapungua lakini chini ya gari pakavu, mvua ikinyesha kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafutamafuta, ukiupangusa ndio unatapakaa zaidi, halafu kapeti upande wa abiria imelowa, ukiibonyeza vidole vinatoka vya pinki vinateleza. Inavuja ndani ya dashibodi, kwenye karejeta kadogo ka hita, kale kanakopitisha kulanti ya moto ili kupasha ndani. Hita! Nani anawasha hita Kampala? Tangu linunuliwe sijawahi kuigusa, kumbe imejikalia humo inaninywea kulanti yangu.

Kuibadilisha lazima dashibodi yote ishuke, na bei ya hiyo kazi fundi aliitaja akiangalia pembeni. Nikasema wacha, unganisha ile mipira miwili ya hita huku huku kwenye injini, kulanti izunguke bila kuingia ndani. Harufu ikakata, kioo kikawa safi, nikajiona mjanja.

Jana mke wangu ananiambia Desemba tunaenda kwao Kabale, kule kwenye baridi, tutatoka usiku, na watoto wasibebe majaketi mazito maana gari letu lina hita.