Wamefyeka Msitu ili Wapande Miti

Jumamosi gari ya mjomba ilituchemkia tukitoka Msata, mbele kidogo ya Kiwangwa. Mjomba akafungua boneti, akaanza kulaumu rejeta, mimi nikavuka barabara kutafuta kivuli. Kivuli hakikuwepo. Kulikuwa na uwanja mkubwa wenye vijiti vilivyopangwa mistari kama makaburi ya paka, na vijana watatu wenye mapanga.

Eneo lile nalikumbuka. Aprili, Siku ya Kupanda Miti, tulipita hapo hapo tukakuta maturubai, spika, fulana za kijani na mgeni rasmi anapanda mche mmoja kwa koleo lenye stika ya duka bado. Mikaratusi. Safari hii nimehesabu mstari mmoja wa mashimo 30: yenye jani bichi ni 4. Mengine yamebaki kijiti na mfuko wa nailoni ambao hata hawakuutoa.

"Baba, mnafyeka nini?" nikamuuliza kijana aliyekuwa karibu.

"Magugu, mama. Yanaibana miche."

Nikaokota gugu lake moja. Pale panga lilipopita palikuwa panachuruzika utomvu mwekundu, mzito, ukanishika vidoleni kama damu ya kuku. Mninga! Jamani, mninga, ule ule ambao ukienda kwa fundi kuulizia kitanda unatajiwa bei unatafuta pa kukaa. Kijana wa watu amelipwa kuufyeka ili usiwasumbue marehemu wa mikaratusi.

Nikasogea kwenye kisiki chenyewe. Kilikatwa Septemba ya mwaka jana, na pembeni mwake yalikuwa yametoka machipukizi 11, refu kuliko yote limenifika kiunoni. Hakuna aliyelimwagilia. Hakuna aliyelihutubia.

Hii ndiyo hasira yangu, na naomba mnivumilie niiseme yote. Septemba msitu wa huku kwetu unakuwa umepukutisha majani. Miombo, mininga, mikongo, mibuyu, yote inajivua kubana maji, maana kuanzia masika yakatike hadi vuli ishike ni miezi. Bibi yangu, Mkwere wa Miono, alikuwa akisema "miti imelala" na hakuna mtu aliyemwelewa vibaya. Sasa anakuja mtu na gari yenye kiyoyozi, anaangalia kupitia kioo, anaona mifupa ya kijivu, anaandika kwenye ripoti: pori, limekauka, halijaendelezwa. Angesubiri wiki chache tu angeona miombo inatoa majani mapya mekundu hata kabla mvua haijadondoka. Lakini bajeti haisubiri.

Na jambo ambalo ripoti haioni liko chini ya ardhi. Mche wa mninga uliojiotea wenyewe porini haukimbilii kuwa mti. Unatoa kishina chembamba, wakati wa kiangazi kinakufa, mvua ikirudi unatoa kingine, nacho kinakufa, na muda wote huo mzizi unanenepa. Unaweza kwenda hivyo miaka kumi. Siku mzizi umeshiba ndipo shina linapanda na halirudi tena. Kwa hiyo lile "gugu" unaloliruka kwa buti linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko ndoa za wengi wetu. Na miti mingi ya miombo ukiikata haijafa. Kisiki kinaanza upya kikiwa na mizizi ya mti mzima, wakati mche wa kitaluni una mzizi wa kujaa kikombe na masika yakiisha unaachwa juani. Hivi mashindano hayo yanahitaji profesa kuyatabiri?

Sasa piga hesabu. Serikali yenyewe inatutajia hekta 469,420 za misitu zinazopotea kila mwaka nchini. Tunalia, tunaitisha kikao, halafu tunachukua sehemu ambayo msitu umeanza kurudi bure, tunalipa watu waukate. Kuna watu wanapata posho kwa hili.

Najua mtaniambia kuhusu mkaa. Ndiyo, mkaa unatumaliza, na matanuri yetu ya udongo yanakula kilo 100 za kuni yanakupa mkaa kilo 10 hadi 20 hivi, hasara tupu. Na mimi maharage napikia mkaa, sitajifanya malaika wa gesi. Ila hata mkaa haukulazimishi uue msitu. Kule Kilosa tangu 2012 kuna vijiji vimegawa eneo lao viwanja vya mita 50 kwa 50, kinavunwa kimoja, vya jirani vinaachwa, visiki havichimbuliwi, na panapovunwa panapumzishwa miaka 24. Mkaa unatoka, kijiji kinapata mapato, msitu unabaki. Hawakuleta koleo jipya, walikubaliana tu kuacha visiki vifanye kazi yake. (Moto ni habari nyingine. Moto wa Septemba na Oktoba unaua machipukizi kuliko panga, na anayeuwasha ni sisi wenyewe, tusisingizie mzungu.)

Haya, nitakubali kidogo. Shule isiyo na kivuli ipande miti. Ukingo wa mto uliobaki mchanga mtupu, upandwe. Nguzo zinahitajika, na mkaratusi unakua haraka, sikatai, mwenye shamba lake apande hadi mlangoni. Hata miashoki wanayojaza kwenye mageti ya mjini, ambayo haijawahi kumpa binadamu kivuli, nawaachia. Ila usinifyekee msitu kunipandia miti halafu uniite kwenye picha.

Na msiniambie tunayo Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ni kweli msitu wa Zaraninge umeingizwa hifadhini, tunashukuru. Lakini mabungo yale ya juisi mnayoyafakamia pale stendi, ukwaju na ubuyu mnaomfungia mgeni zawadi, mwingi hautoki hifadhini. Unatoka kwenye hivi vichaka vya vijiji ambavyo kwenye ramani ya mtu fulani havina jina. Mbungo nao nani aliupanda? Unapanda juu ya mti mwenzake, na mti ukifyekwa bungo limekwisha.

Kijana nilimweleza yote haya pale pale, mjomba huku anapiga honi, rejeta imeshapoa. Alinisikiliza kwa adabu, panga kaliweka begani. Akasema mninga anaujua, babu yake alikuwa mpasua mbao, ila wameambiwa kisafishwe chote kinachoota nje ya mstari.

"Mama, hapa tunalipwa kwa eka. Nikiacha, msimamizi ataona sijafanya kazi."

Nikaishiwa maneno. Nikamwomba angalau kisiki kimoja, hicho cha 11. Akakiangalia, akakizunguka, akakata machipukizi 9 akaacha mawili yaliyonyooka, akaniambia kwao ndivyo wanavyofanya ili yapate nguvu. Hilo mimi na hasira zangu zote nilikuwa silijui.

Nimemwachia namba yangu ampe msimamizi wake. Leo Jumatano, simu haijaita.