Mtembea Bure Si Mkaa Bure, Ila Anatembea Wapi?

Mwaka jana ofisini kwetu, hapa Posta, Dar es Salaam, lilianzishwa shindano la hatua. Kila mmoja alipakua programu kwenye simu, hatua zikahesabiwa mwezi mzima, na mshindi akaahidiwa raba mpya. Wahasibu wakawa wanazunguka maegesho ya magari mchana. Bosi akasusa lifti. Aliyeshinda ni tarishi, tena kwa pengo kubwa hadi watu wakadhani simu yake ni mbovu. Simu ilikuwa nzima. Mzee huyo hupeleka nyaraka benki, mahakamani na bandarini kutwa nzima, na alfajiri amekwisha kutembea mwendo mrefu kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala. Tulipompa zawadi tukapiga makofi. Alitafuta kiti kwanza, ndipo akazijaribu raba, maana magoti yanamsumbua.

Tangu hapo, kila nikisoma makala inayosifu matembezi, namkumbuka yeye. Sifa zenyewe si za uongo. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa kwenye usukani, makondakta walipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Huo ulikuwa mwanzo wa elimu tuliyo nayo leo juu ya mwili unaotikiswa na mwili unaokaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kasi kidogo kumo. Kima cha chini ni nusu saa kwa siku, siku tano. Kwa watu wa maofisini, ambao presha na kisukari vimekuwa mazungumzo ya kawaida ya mezani, ni dawa isiyohitaji kadi ya bima.

Lakini Morris huyohuyo alirudi kujihoji. Mwaka 1956 yeye na wenzake walitazama vipimo vya suruali za sare, wakakuta madereva wana viuno vinene kuliko makondakta katika kila rika, vijana wakiwemo. Huenda basi kazi haikuwa imewatenganisha peke yake. Huenda wanene ndio walioelekea zaidi kwenye usukani. Ngazi hazikupoteza sifa yake kwa hilo, ila tangu mwanzo swali lilikuwa wazi: ni kutembea kunakomfanya mtu awe na afya, au mwenye afya ndiye anayetembea?

Kuhusu hatua 10,000 nisichukue muda. Zilianzia Japani mwaka 1965, kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa madukani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, uliofanywa kwa wanawake wazee, ulikuta waliofikisha kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliofikisha 2,700, na faida ikaendelea kupanda hadi kwenye hatua kama 7,500, kisha ikatulia. Wahasibu wetu wangeweza kurudi kula mapema.

Jambo lenye utamu zaidi kwa mtu wa kazi ya kichwa ni lile la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz walionyesha kwamba watu wakitembea hutoa mawazo mapya mengi kuliko wakikaa, kwa wastani wa asilimia 60 hivi. Wanaouza habari hii kwa mameneja huacha vipande viwili. Kwanza, hata waliotembea kwenye mashine ndani ya chumba, macho yakitazama ukuta mtupu, walinufaika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sifa ni ya miguu, si ya bahari wala miti, ingawa waliotoka nje walileta mifano mipya kuliko wote. Pili, kwenye maswali yanayotaka jibu moja tu sahihi, watembeaji walishuka kidogo. Anayetafuta namna ya kuanza ripoti na atoke. Anayefunga hesabu za mwisho wa mwezi na abaki mezani.

Sasa turudi kwa tarishi. Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia watu zaidi ya 100,000, ulikuta kitu kinachokera: waliojishughulisha sana wakati wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya maradhi ya moyo na kifo, ilhali waliojishughulisha sana kazini hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Wapo wanaoupinga, wakisema wenye kazi za sulubu pia ni wenye kipato kidogo na maisha magumu, na si rahisi kuvitenganisha hivyo na jasho. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo mtu yeyote aliyekaa Kariakoo nusu siku hataona ajabu. Muuza kahawa anapita na birika na jiko la mkaa mkononi, vikombe vikigongana, tangu jua halijachomoza. Machinga anatembeza mashati begani, na neno lenyewe la biashara yake ni hilo, kutembeza. Hachagui mwendo, hachagui saa, akichoka hawezi kukaa kwa sababu mteja yuko mbele. Kilomita ni zilezile anazotembea mwenye saa ya kuhesabia mapigo pale Daraja la Tanzanite jioni, upepo wa bahari ukimpuliza. Mmoja tunamwita mwanamazoezi. Mwingine tunasema anahangaika, kapanda TZ 11, yaani miguu yake mwenyewe.

Nadhani hapo ndipo mjadala unapokosewa. Faida ya kutembea haikai kwenye nyayo peke yake. Inakaa pia kwenye uwezo wa mtu kuamua: atoke saa ngapi, apite wapi, asimame lini, na akifika amkute nani anamsubiri. Ofisi inayowahimiza watu watembee bila kuwapa uamuzi huo inaongeza kazi nyingine juu ya kazi.

Mimi hutembea jioni, kutoka Posta hadi Magomeni Mapipa, saa moja hivi kwa mwendo wangu. Asubuhi sithubutu. Mwezi Februari, saa mbili tu za asubuhi, shati limeshikana na mgongo kabla hujafika Faya, na ofisi yetu haina bafu. Jioni jasho halina shida, naenda nyumbani. Barabara ya Morogoro ina njia nzuri ya miguu tangu mwendokasi uanze mwaka 2016, ingawa bodaboda hukupigia honi humo kana kwamba wewe ndiye uliyepotea. Matatizo mengi ya kazi yamenifungukia nikivuka Jangwani, na mengine nimeyaacha palepale. Wakati mwingi siwazi lolote, natazama watoto wanaocheza mpira bondeni.

Nilipomshawishi mwenzangu wa kike tuongozane, alinijibu kwa swali: siku ambayo haupo, nani atanivusha Jangwani giza likishaingia? Sikuwa na jibu. Kwa mwanamke, njia ileile ina urefu mwingine. Yeye sasa hushuka vituo viwili kabla ya kwake, kukiwa bado na mwanga na watu wengi barabarani, anamalizia kwa miguu. Ili mwanga umtoshe, inabidi atoke ofisini saa kumi kamili. Hiyo ndiyo ruhusa ambayo shindano letu halikuitoa.

Na njia yenyewe ni ya nani? Oktoba 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam. Kwa mtembea kwa miguu siku zile zilikuwa neema, ukapita Kariakoo bila kukanyaga sahani za mtu. Lakini machinga anaishi kwa sababu ya mtembea kwa miguu. Mwenye gari hashuki kununua soksi. Ukimwondoa, umesafisha njia na umeiua pia, na usiku njia tupu inatisha kuliko njia yenye taa ya muuza chipsi. Wengi walirudi. Binafsi ningependa wapangwe upande mmoja kuliko wafukuzwe pande zote, ingawa nakiri kwamba mimi si mama anayesukuma kiti cha magurudumu cha mwanawe akikuta njia imezibwa.

Kuna kikwazo kingine kisichohitaji saruji. Kwetu mtu mzima anayetembea bila safari anatiliwa shaka. Uzururaji ni neno la kwenye sheria, urithi wa mkoloni, na wahenga wenyewe hawakukubaliana: mtembezi hula miguu yake, wakasema, kisha wakasema mtembea bure si mkaa bure. Ofisini imeshinda ile ya kwanza. Ukionekana nje saa nne asubuhi unatembea, umetoroka. Ukionekana mezani unachezea simu, upo kazini. Bosi akitoka kutembea anatafakari. Ndiyo maana siviamini sana vikao vya kutembea vinavyopigiwa debe siku hizi: karani hawezi kumwambia mkurugenzi apunguze mwendo, wala hawezi kuandika alichoagizwa.

Shindano litarudiwa mwaka huu. Nimependekeza zawadi ya mshindi iwe ruhusa ya kutoka mapema kwa mwezi mmoja, na sijajibiwa. Raba za mzee zimekwisha soli. Juzi nilimuuliza kama Jumapili naye hutembea. Akacheka. "Jumapili napumzika, mwanangu." Kisha akaongeza kwamba jioni huenda mtaa wa pili kucheza bao na wenzake, na wakati wa kurudi huzunguka kwa njia ndefu, ya kwenye miembe.

"Hiyo siihesabu. Simu naiacha nyumbani."