Cherehani Yangu Haijawahi Kuomba Apdeti

Nililala na simu yangu, nikaamka na simu ya mtu mwingine. Kifuniko ni kile kile, ufa wa kioo ni ule ule ilioupata nilipoiangusha nikishuka matatu Donholm, na picha ya mama watoto bado iko pale mbele akiwa amenuna. Lakini kitufe cha kupiga kimehamia upande wa pili, herufi zimenenepa kama zimetoka ushago Krismasi, na pale palipokuwa na tochi pamekaa kitu kinachosema kinaweza kunisaidia kuandika barua pepe. Barua pepe ya mwisho niliandika 2016, nayo haikujibiwa. Tochi ndiyo naitumia kila siku. Naishi Kayole, orofa ya nne, kwenye ploti ambayo balbu ya ngazi iliungua Kibaki akiwa bado Ikulu.

"Anko, hiyo ni apdeti tu," akaniambia Kevo, mtoto wa dadangu. Huyu hufanya kazi ya programu huko Ngong Road, na huongea nami kwa ule upole wa daktari anayezungumza na jamaa wa mgonjwa. "Imeboreshwa."

Nani aliomba? Kama kuna baraza liliitishwa, wananchi wakasimama wakasema jamani tochi zimezidi, tupeni msaidizi wa barua, mimi sikualikwa.

Mimi ni fundi wa nguo pale Uhuru Market, Jogoo Road, huu mwaka wa 23. Sare za shule ndizo ugali wangu. Nikimshonea mwalimu suruali, akalipa, akaondoka nayo, suruali ni yake. Siendi kwake saa nane za usiku na mkasi, nimfupishie mguu mmoja, nihamishe zipu iende nyuma, kisha nimwachie karatasi mlangoni: "Tumerekebisha hitilafu ndogondogo na kuboresha uvaaji wako." Ningefanya hivyo mara moja tu. Baada ya hapo ningekuwa nashonea mahabusu wa Industrial Area, kwa ndani.

Kevo anasema shida yangu ni kuzeeka. Labda. Lakini nina Singer nyeusi ya kukanyaga niliyorithi kwa shangazi, na shangazi aliinunua ikiwa tayari imetumika. Inataka tone la mafuta kila Jumatatu, na mkanda mpya ule wa zamani ukilegea. Haijawahi kunisimamisha katikati ya pindo ikaniuliza kama nakubali vigezo na masharti.

Na msidhani naonea simu za bei rahisi za mtaa wa Luthuli. Desemba 2017 Apple wenyewe walikiri kwamba walikuwa wakizipunguza kasi iPhone za zamani kupitia apdeti. Sababu yao ilikuwa betri: ikichoka, simu inaweza kuzima ghafla, kwa hivyo heri itambae kuliko ianguke. Hoja si mbaya, hata mimi asubuhi natambaa kwa sababu hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba mwenye simu hakuwa ameambiwa. Kuna waliodhani simu imezeeka tu, wakaenda kununua nyingine. Mwaka 2020 kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Mimi nikibana suruali ya mteja ili asitembee haraka, eti kwa sababu nimeona magoti yake yamechoka, atanishukuru ama atanipeleka kwa chifu?

Iliyonikaa kooni zaidi ni ile ya viti. Mwaka 2022, BMW huko Korea Kusini walianza kuuza joto la kiti kwa mwezi. Si kiti, joto. Dola 18 hivi, zaidi ya 2,000 kwa pesa zetu. Waya za kupasha joto zimo kitini tangu kiwandani. Gari umelipia. Makalio ni yako. Kinachokosekana ni ruhusa.

Na cha kuniuma ni kwamba sisi mafundi tulikuwa na wazo hilo kabla yao, tukalala. Koti jipya la suti huja mifuko imefungwa kwa nyuzi chache, ili lisipoteze umbo likiwa limening'inia dukani. Ukifika nyumbani unakata uzi, unaweka mkono. Kuna wanaume katika mji huu wameoa na koti hilo, wamebatiza watoto nalo, wamezika wazazi nalo, na hadi leo hawajui kwamba ule mfuko ni mfuko. Wanadhani ni urembo. Ningekuwa na akili za BMW ningewaambia: mfuko wa kushoto, 200 kwa mwezi, wa kulia unapatikana kwa kifurushi cha familia, wa ndani ni kwa wateja waheshimiwa pekee. Ukichelewa kulipa, nakuja na sindano. BMW walipigiwa kelele, mwaka uliofuata wakaachana na hayo. Mimi hata sikupata nafasi ya kupigiwa kelele.

Kisha kuna kitanda. Hii Kevo alinisomea ndani ya matatu nikadhani ananichezea. Tarehe 20 Oktoba 2025, kompyuta ambazo Amazon hukodishia kampuni nyingine zilikwama katika kituo chao cha Virginia, Marekani. Benki, michezo, programu za kila aina zikalala. Sawa, hayo tumezoea, hata hapa "sistemu iko chini" ni salamu kama salamu nyingine. Lakini kuna kampuni inaitwa Eight Sleep, inauza mtambo wa kitandani wa zaidi ya dola 2,000, unaopitisha maji chini yako kukupoza au kukupasha joto, na wote unaendeshwa kupitia intaneti. Siku hiyo kuna waliolalamika kitanda kimewaka joto na hakitaki kupoa. Wengine kilikuwa kimeinuka upande wa kichwa kikagoma kushuka. Hebu waza. Mtu mzima, saa tisa za usiku, ameketi wima kama yuko kwa kinyozi, jasho linamtiririka, kwa sababu kompyuta ya Virginia imeamka vibaya. Mwenye kampuni akaomba msamaha, kisha wakatengeneza njia ya kukitumia kitanda bila intaneti.

Yaani wamevumbua kitanda. Nyanya yangu alikuwa nacho, cha kamba.

Nilicheka hadi makanga akafika. "Mzee, hamsini." Nikafungua programu ya benki yangu, sitaitaja, nayo ikaniambia toleo hili halitumiki tena, tafadhali sasisha ili uendelee. Megabaiti 140. Bando iliyobaki, megabaiti 11. Kevo naye alikuwa ameshashukia Muthurwa. Makanga ananitazama, mimi natazama simu, simu inatazama mbinguni. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu, amepakata kuku, akatoa kabambe lake lililofungwa kwa raba, akabonyezabonyeza bila hata kutazama, akamlipa makanga kwa M-Pesa, yake na yangu. Hiyo M-Pesa ilianza Machi 2007, ikiwa ndani ya laini tu, kwa simu ya batani. Simu ya mama haina kamera. Haijui kuandika barua. Ila ina tochi, niliiona pale juu, imesimama mahali pake kama mzee wa kanisa.

Nikamrudishia hamsini yake kwa noti. Akaniambia, "Pole, baba." Iliniuma kuliko apdeti yenyewe.

Kitu kingine ni wakati wanaochagua. Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta zisivamiwe, ilituma faili moja bovu kwenye apdeti. Kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zilianguka, skrini buluu, ndege zikabaki chini nchi nyingi. Hakuna mwizi aliyekuja. Ni soja wa geti alijifungia ndani na ufunguo akaumeza. Kevo akanong'ona kama anayetoa siri ya ukoo: "Anko, sisi watu wa programu tuna mwiko, kitu kipya hakitolewi Ijumaa." Nikamshika mkono. Kwa mara ya kwanza tulielewana, kwa sababu mimi pia sikati kitambaa cha harusi Ijumaa jioni. Ukikosea, harusi ni kesho na bibi harusi ana kaka zake.

Ya Windows 10 sitaizungumzia sana maana jirani yangu Mama Brayo atasikia. Ana mashine ya kudarizi nembo za shule inayoendeshwa na laptopu ya mitumba, na tangu aliposikia kwamba Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu anaifunika leso kila jioni kama mgonjwa. Hiyo mpya, Windows 11, inadai kompyuta iwe na kijisehemu fulani cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina au hazina cha kisasa. Wengine waliuziwa mwaka mmoja wa ziada kwa dola 30. Mwaka wa ziada! Na nembo ya shule ya msingi haijabadilika tangu uhuru: kitabu, mwenge, na neno "Bidii".

Na majina je? Elon Musk alinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na Julai iliyofuata akaliondoa jina, akaandika X. Hapa sokoni mtu akinunua kibanda cha fundi aliyejulikana, hilo jina ndilo ananunua. Kibanda ni mabati.

Lakini haya yote ni ya watu wa mbali. Lililonifikia mezani ni akili unde, yaani AI. Ama akili mnemba, ama akili bandia. Kila redio na lake, jina lenyewe bado linaapdetiwa. Jumanne iliyopita alikuja dada mmoja wa ofisi, mtaratibu, mkononi simu kubwa kuliko kitabu changu cha vipimo.

"Fundi, nataka hivi hivi. Usibadilishe kitu."

Nikavaa miwani. Ni gauni la kitenge, na nitasema kweli, kwa mbali lilikuwa zuri hadi nikaona wivu. Kisha nikasogea. Kola inaanza kama kola, inazunguka shingo, inashuka, ikifika kiunoni imekuwa mshipi. Bega la kushoto yako mawili. Vifungo ni saba upande huu na matundu ni manne upande ule, mengine matatu yako kwenye mkono. Zipu inatokea kwapani, inatembea kidogo, inaishia hewani. Mshono hakuna hata mmoja. Nikageuza simu juu chini kutafuta pa kuingilia. Hapapo.

"Dada, huyu aliyevaa aliingiaje?"

"Si ni AI, Fundi."

"Sawa, lakini aliingiaje? Maana wewe utataka pia kutoka."

Akacheka, akadhani natania. Akanieleza kwamba uso ule ni wake, aliipa mashine picha yake ikamvalisha. Nikalinganisha. Uso ni wake kweli, ila kiuno ni cha mtu mwingine, na huyo mtu sijui kama yupo hai. Sasa nimpime nani? Nikipima huyu aliye mbele yangu, atasema sikufuata picha. Nikifuata picha, hata mkono wake hautapita.

Nilitaka kumrudisha. Kisha akaweka 1,500 mezani, nami nina mtoto kidato cha pili. Nikasema, gauni tutaliona.

Jioni nikamlalamikia Kevo, nikitarajia aitetee mashine kama kawaida yake. Badala yake akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba ile ChatGPT, kabla haijatolewa Novemba 2022, kuna vijana hapa hapa Nairobi walioajiriwa kusoma uchafu wote ambao haikupaswa kusema, ukatili na mambo ya kutapisha, wakiuwekea alama ili mashine ijue kukaa mbali nao. Habari zilipotoka Januari 2023 ilibainika walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa. Basi mtoto alilelewa kwetu, kinyesi chake tulikisafisha sisi, sasa amekua anarudi kumfundisha fundi wa Jogoo Road mahali bega linapokaa. Na yaya hata fulana hakuachiwa.

Alhamisi nikakata kitenge. Nilikuwa nimepata njia: bega moja nililifanya rinda, matundu matatu ya mkono nikayaacha yawe mapambo, na zipu nikapanga kuificha ubavuni ili dada apumue. Hata Mama Brayo alikuja kutazama, akasema, "Fundi, hapo umeishinda mashine." Nilitembea na maneno hayo hadi Kayole, nikapanda orofa nne gizani bila hata kukumbuka tochi.

Jumamosi dada akarudi, anatabasamu toka mbali.

"Fundi, nimeiapdeti!"

Akanipa simu. Nikavaa miwani. Mabega sasa ni mawili, kila moja mahali pake. Vifungo na matundu vimelingana. Zipu imenyooka, inaonekana inapoanzia na inapoishia. Hata kiuno kimerudi cha binadamu. Kitu safi kabisa, ila sasa si gauni tena. Ni suruali na koti.

Nikatazama kitenge changu pale mezani, vipande tisa. Mama Brayo akageuka upande, akaanza kukunja leso ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Nikachukua tepu.

"Geuka, dada, tupime upya," nikamwambia. "Na la koti usiwe na wasiwasi, mifuko nitaweka. Ya kushoto itakuwa mia mbili kwa mwezi."