Ravi Varma na Lakshmi wa karatasi

Nyuma ya mwenye duka, juu ya droo ya pesa, palikuwa na mwanamke wa mikono minne aliyesimama juu ya yungiyungi. Nilimtazama kila nilipotumwa sukari kwa Mhindi, nikamjua kama mwanamke wa kalenda basi. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba ni Lakshmi, mungu wa kike wa mali na bahati kwa Wahindu, na kwamba sura ile, pamoja na nyingi zilizoigwa kutoka kwake, ilianzia kwa mchoraji Raja Ravi Varma wa ufalme wa Travancore, kusini mwa India, aliyezaliwa 1848 na kufariki 1906.

Wasomi wa sanaa hawakumwonea huruma. E. B. Havell, aliyeongoza chuo cha sanaa cha Calcutta, na Ananda Coomaraswamy, mwanahistoria wa sanaa, walimwona mwigaji: rangi za mafuta za Ulaya, vivuli vya Ulaya, miungu imepangwa kama waigizaji jukwaani. Hoja yao si ya kupuuzwa. Lakshmi wake ni mweupe, kavaa vito na sari kama bibi wa nyumba ya wenye nacho. Sura chungu nzima ambazo mafundi wa kila pembe walimchonga au kumchora nazo zikaanza kusukumwa kando na sura moja ya kiwandani. Hiyo ni hasara, siipingi.

Ila wanaomhukumu hivyo huishia kwenye turubai, hawaifuati karatasi ilikokwenda. Mwaka 1894 alifungua kiwanda cha chapa Bombay, mafundi wakiwa Wajerumani. Kila rangi ilitaka jiwe lake la chokaa, na karatasi ileile ikapitishwa jiwe baada ya jiwe: wekundu wa sari, kijani cha majani, rangi ya ngozi. Jiwe likisogea kidogo, mungu anatoka na midomo miwili. Mwisho vanishi, ing'ae kama mchoro wa mafuta. Nyumbani nako wanawake wakaishonea vitambaa na puluki, hata ya jirani isifanane na yako. Sijui hapo bado tuite kitu cha kiwandani.

Kwa Wahindu, kumwona mungu na kuonwa naye, yaani darshan, ni kiini cha ibada. Na watu wa matabaka ya chini walizuiwa milango ya mahekalu makubwa. Kule Travancore, nyumbani kwa mchoraji mwenyewe, mahekalu ya serikali yalifunguliwa kwa Wahindu wote tarehe 12 Novemba 1936.

Mwaka 1894 mpaka 1936 ni miaka 42, na hesabu hii hainitoki kichwani. Aliyezaliwa siku mashine zilipoanza kunguruma aliweza kuoa, kuzaa, hata kupakata mjukuu, bado haruhusiwi kuvuka kizingiti. Lakini kama alikuwa na senti za kununua picha, Lakshmi aliweza kutundikwa ukutani kwake, amemkabili uso kwa uso, taa ya mafuta chini yake. Muuzaji sokoni huuliza pesa, haulizi ukoo. Anayesema picha hizi zilimshusha mungu hadhi, sharti aseme pia alishushwa kutoka wapi, na nani walikuwa chini wakimngoja.

Tusidanganyane lakini. Mlango ule haukufunguliwa na karatasi. Mwaka 1924 watu waliandamana Vaikom, mji wa Travancore, wakidai haki ya kupita tu kwenye barabara zilizozunguka hekalu, wakatiwa ndani. Na Ravi Varma hakuwa mwanaharakati; alikuwa mtu wa jamaa za kifalme, na mfanyabiashara mbovu juu yake, maana kiwanda kilimtia hasara mpaka akamuuzia fundi wake Mjerumani, Fritz Schleicher. Tena mtawala wa Travancore aliyetia saini tangazo la 1936 la kufungua mahekalu, Chithira Thirunal, kijana wa miaka 24, alikuwa kitukuu cha Ravi Varma. Mfuasi wa Havell atasema ni sadfa ya damu. Na iwe hivyo. Mimi kila nikiisoma hutabasamu.

Mzee wa duka letu, kila Januari, alichukua mkasi akakata sehemu ya tarehe kwenye kalenda kuukuu, akafungia bizari. Picha hakuitupa. Nilipohama mtaa ule ukutani kwake kulikuwa na Lakshmi saba, wamefifia kwa kadiri ya umri wao, na kila asubuhi alimzungushia udi mmoja mmoja kabla hajafungua droo.