Siku Zirkonia Ilipoota Mabawa

Mwalimu wetu wa maabara ana ugonjwa mmoja: unga ukitoka kwenye tanuri, anaalika wageni kabla haujapoa. Safari hii aliwaita wafanyabiashara wa dagaa kutoka Kirumba, Mwanza, waje usiku waone "unga unaowaka bila moto". Mimi ndiye fundi wa maabara. Kazi yangu ni kupima, kuosha vyombo na kulaumiwa.

Unga wenyewe, yaani zirkonia (oksidi ya zirkoniamu) iliyotiwa yuropiamu, metali inayoupa mwanga, ulikuwa safi, hapo sitaki maneno. Gramu 6.12 za zirkonili kloridi, ile yenye maji yake manane, na gramu 0.176 za oksidi ya yuropiamu. Oksidi hiyo huyeyushwa kwanza kwenye asidi ya nitriki ya uvuguvugu, maana kwenye maji matupu haiyeyuki hata uibembeleze. Hapo kila atomi 95 za zirkoniamu zinapata wapangaji 5 wa yuropiamu. Unadondosha amonia huku unakoroga mpaka pH, kipimo cha uasidi, ifike 10, na chini kinajikusanya kitu cheupe kinachotetemeka kama uji wa muhogo uliopoa.

Wavivu huharibu kwenye kuosha. Unaosha mpaka maji ya mwisho, ukiyatonea nitrati ya fedha, yasitie ukungu hata kidogo. Ukungu ni dalili ya kloridi, nayo ikibaki, chembe hushikamana tanurini. Suuza kwa ethanoli, kausha kwa nyuzi 100 usiku kucha, saga, kisha choma kwa nyuzi 600 kwa saa mbili. Ukichoma kiduchu, haidroksili, yaani mabaki ya maji, zinainyang'anya yuropiamu nishati yake na kuifanya joto, mwanga hakuna. Ukipitiliza, chembe zinanenepa, na huo udogo wa nano unabaki kuusoma kwenye lebo tu. Kwa hesabu zilitakiwa gramu 2.52. Tulipata 2.3, nyingine ililiwa na karatasi ya kuchujia.

Wageni wakafika. Mwalimu akazima taa, akachomoa kitaa cha kukagulia noti alichoazima kwa wakala wa pesa.

"Mwalimu," nikamnong'oneza, "hicho mawimbi ya mwanga wake ni nanomita 365. Yuropiamu yetu inataka 250 hivi, au 394. Hapo katikati inasinzia."

"Kijana, mwanga ni mwanga."

Akamulika. Kilichowaka ni shati lake. Sabuni ya unga huwa na dawa ya kung'arisha nguo, na dawa hiyo inaipenda sana 365. Mwalimu akawa wa bluu kuanzia shingoni hadi kiunoni. Wageni wakapiga makofi, na mzee mmoja akauliza shati kanunua wapi.

Nikatoa taa yetu ya urujuanimno ya nanomita 254, nikagawa miwani ya kukinga macho. Mwalimu akamulika kichupa cha unga. Giza. Kioo cha kawaida hakipitishi 254, ni sawa na kumulika ukuta. Nikaumimina unga kwenye kisahani cha kauri, na hapo ukajibu: wekundu wa kuelekea machungwa, nanomita 606 hivi. Chumba kizima kikasema "Eeeh!"

"Joto jamani," Mwalimu akasema, sasa ana raha. "Fungueni dirisha."

"Mwalimu, leo mwezi mwandamo."

"Mwezi na zirkonia wapi na wapi?"

Mama mmoja wa dagaa akacheka mpaka akashika meza. "Baba, sisi samaki tunawavua kwa taa usiku wa giza. Wewe umewasha taa dirishani, unavua nini?"

Mwalimu akafungua mwenyewe. Wadudu wa ziwani waliingia kama waliopewa kadi za mwaliko, na taa ya urujuanimno kwao ndiyo ukumbi. Walijaa kisahani, wakagaagaa ungani, wakaruka. Mmoja alitua puani kwa Mwalimu na kutembea polepole kuelekea masharubuni, miguu yote sita ikiwaka nyekundu.

"Zima!" akapiga kelele.

Nikazima. Yuropiamu ikikatiwa mionzi haidumu. Ndani ya milisekunde kadhaa mwanga umekwisha. Basi hatukuweza kujua unga umekwenda wapi.

"Washa!"

Nikawasha. Darini nukta nyekundu, kwenye kilemba cha mama nukta nyekundu, na nje kundi jingine linapiga hodi. Ukitaka kuuona unga uwashe taa, na ukiwasha taa unawaita wanaoubeba. Tuliendelea hivyo, zima, washa, mpaka dirisha likafungwa.

Asubuhi Mwalimu akakiweka kisahani kwenye mizani. Gramu 2.7.

"Unaona? Imeongezeka."

Nikaurudisha tanurini kwa nyuzi 600. Mabawa yaliungua yote, lakini majivu ya mdudu yana fosfati, na fosfati haiondoki kwa moto huo. Nikauliza lebo niandikeje. Mwalimu akafikiri, akajikuna masharubu.

"Andika: zirkonia, yuropiamu, na wengineo."